Msimu Tuliotazama Shingo

Oktoba 9

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kipimo hakiwezi kumdhuru mtu. "Si kuangalia tu?" husema. "Kuangalia kuna ubaya gani?" Nimekuwa daktari miaka arobaini na mmoja katika milima hii ya Sangju, Korea, na ningeweza kujaza daftari hili kwa majina ya watu walioumizwa na kuangaliwa. Kipimo ni swali. Ukiuliza swali bila kujua jibu lake utalifanyia nini, jibu litakuja vilevile, nalo litadai kufanyiwa kitu.

Naandika haya kwa sababu leo tarishi ameleta majibu ya mke wangu. Si karatasi, ni kitabu: kurasa thelathini na nne na jalada gumu lenye picha ya mlima. Mwanetu Gyu-ho alimpa mama yake uchunguzi wa mwili mzima huko mjini Daegu, zawadi ya Chuseok, sikukuu yetu ya mavuno. Siku hizi mtoto mwema hujulikana hivyo. Zamani alileta nyama ya ng'ombe na sanduku la mapeasi, sasa humpeleka mama kwenye mashine, na akina mama wakikutana ukumbini huulizana, "Wako amekupima nini?"

Ukurasa wa kumi na moja una alama nyekundu. Tezi ya shingo, upande wa kushoto, uvimbe wa milimita sita. Ni kama punje ya soya. "Inashauriwa kuchota chembe kwa sindano."

Ziko pia alama za njano hapa na pale: mafuta, mifupa, damu pungufu kidogo. Ana miaka sabini na miwili. Mwili wa umri huo usio na alama ya njano sijauona bado.

Matunda yetu ya gam yamegeuka rangi ya machungwa. Jumatatu tunaanza kuchuma.

Oktoba 13

Jua, upepo mkavu kutoka kaskazini. Gam huvunwa zikiwa ngumu, humenywa, kisha hutungikwa bandani zikaushwe na upepo kwa siku hamsini hivi. Kazi ya mtu huonekana kwa kreti. Mama Gyu-ho amemenya kreti kumi na nne, kama mwaka jana.

Jirani yetu Wol-seon amekuja kumenya nasi kama kawaida. Hata hakuwa amevaa glavu alipoanza utani.

"Dada, nasikia mwanao amekununulia ugonjwa."

"Tena amechagua mkubwa," mke wangu akajibu. "Wenzangu wamepewa mafuta ya damu tu."

Walicheka. Mimi sikucheka, nikaenda kupanga kamba. Wol-seon ana kovu shingoni, mstari mweupe kama uzi. Miaka kumi na minne iliyopita nilinunua mashine ya altrasaundi kwa ajili ya zahanati yangu, nikawa kama kijana mwenye pikipiki mpya: kila aliyepita nilimpakia. Yeye alikuja kwangu akatoka na uvimbe wa milimita tano. Nikamwandikia barua ya rufaa, wakamtoa tezi yote, na mshipa wa sauti ukaguswa. Alikuwa ndiye mwongozaji wa nyimbo katika kila harusi ya kijiji hiki. Sasa sauti yake hukwaruza kama mlango wa ghala, na kila asubuhi humeza kidonge kabla ya chai. Katika mashine ile walipita wanawake ishirini na saba wa namna yake. Hatujawahi kulizungumza.

Oktoba 15

Jua. Kreti kumi na tatu.

Oktoba 17

Mama Gyu-ho amesema tumbo limefunga.

"Mwezi huu nani halijamfunga?" nikamwambia. "Acha kulamba maganda."

Kila mtoto wa hapa hukua akiambiwa kwamba gam hufunga choo na kupunguza damu. Kwa kiasi fulani ni kweli, nami nimewaeleza wagonjwa sababu yake mara nyingi: ule ukali unaoukausha ulimi ndio unaokausha tumbo na kuzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Tumecheka wote wawili. Nimemwambia ale nyama na anywe maji.

Oktoba 19

Gyu-ho amepiga simu. Ameshampangia mama yake sindano ya shingo, Jumatano, bila kuniuliza. Nimemweleza kwamba uvimbe mdogo kiasi hicho, usio na dalili, haulazimu kuchomwa. Akasema, "Baba, wewe umestaafu." Nikamwambia elimu haistaafu. Akakata, au mtandao ulikatika, sijui.

Oktoba 22

Amechomwa. Amerudi na plasta na mfuko wa mikate ya maharage. Kreti hakuna leo.

Oktoba 24

Manyunyu asubuhi. Kreti kumi na moja. Nimemuuliza kama anaogopa, akasema mikono yake imechoka tu. Wasiwasi huchosha kuliko kazi. Nimeuona kwa wengi.

Oktoba 28

Jibu limekuja: saratani.

Gyu-ho amefika na gari kabla ya chakula cha mchana, na tai yake ya kazini benki shingoni. Hakuvua viatu vizuri, kimoja kilibaki kimelala ubavu mlangoni. Mke wangu alikuwa ameandaa supu ya figili. Tulikaa watatu kwenye meza ya chini, na Wol-seon, aliyekuwa kaleta kimchi, kabichi ya kuchachusha, tukamzuia asiondoke.

"Baba, ni saratani. Unalisikia neno lenyewe?"

"Nalisikia. Nimewatamkia watu neno hilo mara nyingi kuliko ulivyotamka jina lako."

"Basi wewe unajua. Akatwe."

Nikaweka kijiko chini nikamweleza, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Nilimwambia ziko saratani zinazokimbia, ziko zinazotembea, na ziko zilizokaa chini zikasahau kuinuka. Hii ya shingo, ikiwa ndogo na mbali na koo, mara nyingi ni ya waliokaa. Ukiwapasua wazee waliokufa kwa ajali utawakuta nayo si wachache, na hawakuwahi kujua. Mashine zilipoenea nchini mwetu, waliokatwa shingo waliongezeka mara nyingi sana, lakini waliokuwa wakifa kwa saratani hiyo hawakupungua. Maana yake wengi wa wale waliokatwa hawakuwa wamepangiwa kufa nayo.

"Hizo ni hesabu," Gyu-ho akasema. "Huyu ni Mama."

"Ndiyo maana nasema tusubiri."

"Angekuwa mama wa mtu mwingine ungesema akatwe!"

Alisema kweli: mama wa watu wengine nilisema wakatwe, na mmoja wao alikuwa anakula supu upande wa pili wa meza. Wol-seon hakuinua macho. Alichukua kipande cha figili akakipuliza.

"Mkimaliza kuigawana shingo yangu," mke wangu akasema, "mniachie na kipande cha kumezea wali."

Hakumaliza wali wake. Niliona. Niliandika moyoni kwamba ni kwa sababu ya habari ya leo.

Novemba 1

Daktari wa upasuaji wa Daegu ametupa siku: Novemba 20. Mwanamume mwenye haraka, mwenye mikono mizuri. Tulikaa naye dakika nne.

Novemba 3

Jua, ubaridi. Kreti tisa. Wol-seon kumi na tano, anamtania mke wangu kwamba anamenya gam huku anazisalimia moja moja.

Novemba 6

Nimempeleka mji wa Daejeon kwa daktari wa pili, mwanamke wa miaka arobaini hivi anayefuatilia uvimbe wa namna hii bila kuukata. Hiki ndicho nilichokitaka Gyu-ho akisikie, naye alikuja, akakaa kwenye kiti cha nyuma amekunja mikono.

Daktari hakuongea nami. Alivuta kiti akakaribia magoti ya mke wangu.

"Mama, uvimbe ni mdogo, uko mbali na koo, na tezi nyingine hazijaguswa. Njia ni mbili. Kukata sasa: utabaki na kovu, labda na kidonge cha kila siku, na mara chache sauti huharibika. Au kuutazama kila baada ya miezi sita, na ukikua tunaukata wakati huo. Kwa wengi huwa haukui. Mimi sikuamulii. Wewe unaweza kulala ukijua upo?"

"Mimi siku hizi nalala hata nikiwa nimesimama," mke wangu akasema. "Tutazame."

Daktari akacheka. Sote tulicheka, hata Gyu-ho kidogo.

Njiani mke wangu alilala tangu Daejeon hadi nyumbani, mdomo wazi, midomo myeupe. Nilimfunika koti langu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nifunge zahanati. Nilijiambia: huyu mmoja nimemwokoa.

Novemba 8

Kreti saba.

Novemba 10

Kreti sita, na kumenya kumekwisha. Gam elfu kadhaa zinaning'inia bandani, jua likipita linazing'arisha zote.

Novemba 12

Nimepiga simu Daegu kufuta upasuaji. Gyu-ho hajapiga tangu Daejeon. Namwona sasa kama watoto wengi wa mjini: mapenzi yake lazima yawe na risiti na picha. Ni maneno makali. Nayaacha.

Novemba 13

Mvua.

Novemba 14

Mvua. Tumewasha feni zote bandani.

Novemba 15

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Gam za safu ya juu zimeanza kuota koga, madoa ya kijani kama vumbi. Yasipofutwa kwa kitambaa chenye pombe, safu nzima itakwenda.

Novemba 16

Leo nitaandika kirefu, na nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilikuwa chini nikikamua vitambaa. Mke wangu alipanda ngazi kwenda safu ya juu kufuta koga. Ngazi ina vipago tisa. Amezipanda ngazi kama hizo tangu alipoolewa kwetu. Kwenye kipago cha nne alisimama, akaweka paji la uso juu ya mikono yake.

"Daktari!" Wol-seon akaniita kwa ile sauti yake. "Njoo umshike!"

Tukamshusha, tukamkalisha juu ya kreti. Alikuwa anahema kama aliyekimbia kutoka barabarani.

"Ni shingo," nikasema. "Moyo unamwenda mbio kwa mawazo."

"Shingo, shingo!" Wol-seon akatupa kitambaa ndani ya beseni. "Kijiji kizima kinaijua shingo ya huyu mwanamke. Anahema hivi tangu wiki ya kwanza ya kumenya. Hebu mtazame uso. Tofu ina rangi kuliko yeye."

Nilimvuta ukope wa chini, jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili hulifanya kabla hajaambiwa. Ndani kulikuwa kweupe. Nilikuwa nikila mbele ya uso ule mara tatu kwa siku.

Basi nikamuuliza mke wangu kile nilichokuwa nikiwauliza wageni maelfu.

"Unachoka hivi tangu lini?"

"Sijui. Tangu kuchuma pilipili."

"Pilipili? Hiyo ni Agosti."

"Basi Agosti."

"Na tumbo?"

Alimwangalia Wol-seon. Wol-seon akachukua beseni. "Mimi nakwenda kubadilisha maji," akasema. "Na kama yanabadilika polepole, shauri yake."

Tulibaki wawili, na feni zikivuma.

"Tumbo nilikwambia," mke wangu akasema. "Ukasema ni gam."

"Lilianza kubadilika lini?"

"Kabla joto halijaisha. Linakataa siku tatu, halafu choo kinatoka chembamba kama kidole cha mtoto. Mara mbili... mara tatu, kulikuwa na damu. Nikasema ni bawasiri, nilikuwa nayo nilipomzaa Gyu-ho."

Agosti gam ziko mtini, za kijani, ngumu kama mawe. Kavu za mwaka jana zilikwisha mwezi wa tatu. Hakuna mtu katika Sangju nzima anayeweza kufungwa tumbo na gam mwezi wa nane. Hili analijua hata mtoto, na ningelijua nami kama ningeuliza neno moja tu: lini.

Nikaingia ndani nikachukua kitabu chenye picha ya mlima. Ukurasa wa ishirini na mbili, alama ya njano: damu, kumi na nukta mbili, wakati inatakiwa ifike kumi na mbili. Kando wameandika, "Rudia baada ya miezi mitatu." Nilikuwa nimeupita ukurasa huo kwa kidole nikienda kwenye mwekundu.

"Huko Daegu hawakukuuliza habari za choo?"

"Kulikuwa na fomu kwenye simu. Gyu-ho alinijazia garini. Alikuwa anasoma kwa sauti, mimi nasema hapana, hapana, hapana. Mtu anamwambia mwanawe habari za choo?"

"Na kamera ya utumbo?"

"Ilikuwa ya kuchagua. Picha ya kichwa au kamera ya utumbo. Gyu-ho akachagua kichwa, anaogopa nisije nikasahau jina lake. Mimi nilifurahi. Yale maji ya kuharisha siyawezi."

"Na kichupa cha kupimia choo kinacholetwa na serikali kila mwaka?"

"Kiko kabatini. Niliona kipimo cha Gyu-ho ni kikubwa, kitakuwa kimekimeza hicho kidogo."

Nikauliza lililobaki, ingawa nilijua jibu lake. "Mbona mimi hukuniambia?"

"Nilikwambia, Baba Gyu-ho. Ulicheka. Nikacheka na wewe."

Kuhusu shingo bado nasema nilikuwa sahihi. Lakini kwa wiki tano nilitumia usahihi ule kama mtu anayesimama mlangoni kuzuia mwizi huku dirisha la nyuma liko wazi. Gyu-ho aliamini kwamba aliyepimwa vingi amepimwa. Mimi niliamini kwamba aliyeepushwa na kipimo cha bure ameepushwa na ugonjwa. Sote wawili tulizungumza juu yake akiwa amekaa katikati yetu, na hakuna aliyemuuliza.

Kamera kwa mtu asiye na lolote ni jambo la kufikiri na kupima faida zake. Kamera kwa mwanamke wa miaka sabini na miwili anayepungukiwa damu, mwenye damu chooni na choo kilichobadilika, haina mjadala. Ni kipimo kilekile. Kilichobadilika ni mtu.

Nimempigia simu Gyu-ho. Nimemwambia kila kitu, na kwanza nikamwambia la kwangu.

Novemba 17

Damu saba na nukta sita. Wamemlaza. Muuguzi amemwita kwa jina lake, "Chae Pil-rye," naye akachelewa kuitika kwa kuwa hajaitwa hivyo miaka mingi.

Novemba 21

Ameyanywa yale maji yote. "Haya sasa," aliniambia kutoka mlango wa choo, "gam zako zote zimetoka."

Kamera imekuta uvimbe upande wa kushoto wa utumbo, umeziba zaidi ya nusu ya njia. Huu hauhitaji kusubiri chembe ili mtu mwenye macho aelewe. Picha za ini na mapafu ni safi.

Nimemuuliza daktari wa upasuaji kama wiki tano zangu zimebadilisha kitu. Alinijibu kama tunavyojibu sisi: "Pengine hapana." Nimelisema neno hilo mara nyingi kwa watu, na leo ndiyo mara ya kwanza kulila.

Novemba 27

Upasuaji. Umechukua saa tatu na nusu. Uvimbe umetoka wote, na hakuhitaji kutobolewa tumboni njia ya kupitishia choo.

Novemba 30

Nimerudi nyumbani siku moja kutazama banda. Nilidhani nitakuta koga. Nikakuta Gyu-ho juu ya ngazi, amevaa suruali yangu, kiunoni imefungwa kamba, anafuta gam moja moja. Amechukua likizo na hakuniambia. Wol-seon alikuwa chini akimwelekeza.

"Hiyo ya kushoto! Kushoto kwako, mwana wa benki! Mtazame, anafuta kama anahesabu noti."

Gyu-ho aliponiona alishuka. Alijifuta machozi kwa kitambaa chenye pombe na macho yakamwasha mara mbili.

"Fomu niliijaza mimi, Baba."

"Na kitabu nilikisoma mimi."

Nilimshikia ngazi akapanda tena. Nilichoandika tarehe kumi na mbili juu yake si kweli, na sikifuti, ili nikione kila nikifungua.

Jioni nilimsindikiza Wol-seon mpaka lango lake, na nikamuuliza lile ambalo nilikuwa nimelikwepa kwa miaka kumi na minne: je, ananilaumu?

Alisimama. "Umechelewa kuuliza, Daktari."

"Najua."

"Unakumbuka nilikuja kwako na nini siku ile?"

Sikukumbuka. Nilikumbuka milimita.

"Mafua," akasema. "Nilikuja na mafua. Ungeniuliza kama nataka uniangalie shingo, ningesema hapana, nina harusi Jumamosi, nipe dawa ya pua." Akafungua lango. "Sauti nimeizoea. Ila ulipita mbele ya nyumba yangu miaka yote hiyo ukiangalia chini, kana kwamba mimi ndiye niliyekukosea."

Nikamwomba msamaha pale langoni, kwa kuinama mpaka chini. Akaniambia niinuke, majirani wasije wakadhani ananidai.

Desemba 4

Baridi kali, anga safi. Banda limepona, isipokuwa safu ya juu.

Desemba 9

Majibu ya maabara. Tezi ndogo ishirini na moja zilizotolewa pamoja na kipande cha utumbo zilitazamwa. Mbili zina saratani. Nilikuwa nikitumaini sifuri. Maana yake upasuaji pekee hautoshi kuwa na uhakika, na kuna dawa za mshipani za kufikiriwa.



Desemba 12

Tumekutana na daktari wa dawa za saratani. Nilikuwa nimejiandaa na karatasi mbili za maswali, na Gyu-ho alikuwa na yake kwenye simu. Daktari akaanza kueleza, nami nikafungua mdomo. Mke wangu akaniwekea mkono gotini.

"Leo mtaniachia," akasema.

Akamgeukia daktari. "Watu mia kama mimi, wasiotumia dawa, nini kinawapata? Na mia wanaotumia?"

Daktari alichukua karatasi akachora vidoti mia, akazungushia wale ambao ugonjwa hurudi, kisha akapiga mstari kwa wale ambao dawa huwaokoa. Hawakuwa wengi kama Gyu-ho alivyotaka, wala wachache kama nilivyoogopa. Mke wangu alivitazama muda mrefu.

"Na dawa yenyewe inafanya nini?"

"Ganzi vidoleni, kichefuchefu, uchovu. Ganzi wengine haiwatoki."

"Miezi mingapi?"

"Mitatu au sita. Kwa hali yako mitatu inakaribia kuwa sawa na sita, na ganzi yake ni kidogo."

"Basi mitatu. Vidole navihitaji. Na ganzi ikizidi nitasema, na nikisema niaminiwe."

"Utaaminiwa, Mama."

"Sikuwa naongea na wewe, Daktari," akasema, akanitazama.

Kama ningeamua mimi, nisingejua kuchagua. Yeye ameamua akijua anachonunua na anacholipa. Sijui atakuwa upande gani wa zile duara. Yeye pia hajui.

Desemba 16

Dripu ya kwanza. Akigusa maji ya baridi vidole vinamchoma kama sindano, kwa hiyo naosha vyombo mimi. Anasema navunja zaidi kuliko ninavyoosha.

Desemba 18

Gyu-ho amepiga simu kuuliza habari ya mama yake, kisha akasema mkewe anataka kuwapeleka wazazi wake kwenye uchunguzi wa mwili mzima mwezi ujao. Baba mkwe wake amekonda tangu majira ya kuchipua, anasema ni meno. "Baba, tuchague kifurushi gani?"

Sikumwambia kifurushi. Nimemwambia vipimo vitachaguliwa na majibu ya mzee akiulizwa, si na orodha ya kituo, na kwamba kwa mtu anayekonda hatungoji mwezi ujao. Kisha nikamtumia maneno haya, na nayaandika hapa pia kwa yeyote atakayelifungua daftari hili:

Mpigie leo. Muulize mwili wake umebadilika nini, na tangu lini, kisha usiseme neno mpaka amalize.